Safari Ndefu ya Familia kwa Baiskeli ya Magurudumu Matatu si Mchezo wa Kitoto

Mtahiniwa, insha ya maoni haihitaji kila mara mada nzito kama ufisadi, mihadarati au ukosefu wa kazi, mada ambazo umezirudia hadi zimekuisha utamu. Inahitaji jambo ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana kulihusu, pamoja na ushahidi wa kumfanya mmoja wao afikiri upya. Katika makala haya nimechagua jambo ambalo huenda hujawahi kuliona kwa macho yako: familia nzima, wazazi, watoto na hata nyanya, kufunga safari ya mamia ya kilomita kwa baiskeli za magurudumu matatu ambazo mtu huziendesha akiwa ameegama. Wapo wanaosema ni mchezo wa kitoto wa watu wenye pesa za kuchezea. Mimi nasema ni mojawapo ya safari chache ambazo familia inaweza kuzifanya bila kumwacha mtu nyumbani, na ndiyo maana nazitetea.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Usifikirie kile kibaiskeli cha plastiki cha mtoto wa miaka mitatu. Hii ina kiti cha kitambaa kilichokazwa kwenye fremu, kinachofanana na kiti cha kupumzikia ufuoni. Mwendeshaji huketi karibu na ardhi, mgongo umeegemea, miguu imenyooka mbele kwenye pedali. Mikono hushuka kando ya kiti na kushika usukani. Aina iliyoenea zaidi ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Kwa sababu ya kichwa chake kipana na mkia mwembamba, Waingereza huiita kwa jina la kiluwiluwi. Aina nyingine ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Kwa kuwa pedali ziko mbali mbele na gurudumu linaloendeshwa liko nyuma, mnyororo wake ni mrefu mara mbili au tatu kuliko wa baiskeli uliyoizoea.

Watu husifu starehe ya kiti hicho, na ni kweli kwamba makalio na viganja haviumi baada ya saa nne. Faida kubwa zaidi ni nyingine. Chombo hiki hakianguki kikisimama. Baiskeli ya magurudumu mawili husimama wima kwa sababu inakwenda. Mwendo ukipungua mno, inayumba, na mwendeshaji hulazimika kuweka mguu chini. Kwa hivyo mlimani mtu dhaifu hushuka na kusukuma, huku mwenye nguvu akimsubiri kileleni kwa uso wa huruma. Juu ya magurudumu matatu, mtu akiweka gia nyepesi anaweza kupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, akasimama katikati ya mlima, akanywa maji, akaendelea. Hakuna anayehitaji kujua kwamba alikuwa amechoka.

Historia ya baiskeli za kuegama nayo ina uhusiano na familia. Nchini Ufaransa, Charles Mochet alimtengenezea mwanawe, Georges, kigari cha pedali cha magurudumu manne kwa sababu mama wa mtoto aliona baiskeli ya kawaida ni hatari. Kutokana na kigari hicho Mochet aliunda vingine vya watu wazima, na hatimaye baiskeli ya kuegama ya magurudumu mawili. Mnamo Julai 1933 mwendeshaji Francis Faure aliipanda mjini Paris na kwenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akaivunja rekodi ya Oscar Egg iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1914. Faure hakuhesabiwa miongoni mwa waendeshaji bora wa wakati huo. Je, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli kilishangilia? Mwaka 1934 kilibadilisha maana ya neno baiskeli katika kanuni zake ili chombo cha Mochet kisiwemo. Mpaka leo baiskeli za kuegama haziruhusiwi katika mashindano yake. Nikimsikia mtu akisema kwamba hii si baiskeli halisi, namkumbuka yule mama wa Kifaransa aliyekuwa na hoja bora kuliko wakuu wa mchezo.

Anayedai kwamba magurudumu matatu ni ya watu wasio na nguvu, na amtazame Maria Leijerstam wa Uingereza. Mnamo Desemba 2013 alitoka ukingo wa bara la Antaktika na kufika Ncha ya Kusini akiendesha baiskeli ya kuegama ya magurudumu matatu, umbali wa zaidi ya kilomita 600 juu ya barafu, kwa muda wa siku 10 na saa kadhaa. Alichagua magurudumu matatu kwa sababu ile ile ambayo ingemfaa nyanya yako: upepo mkali hauwezi kumwangusha kirahisi.

Sasa twende barabarani, maana chombo kizuri bila njia ni pambo la sebuleni. Nitatumia njia moja ninayoifahamu kwa kuisoma kwa muda mrefu, nayo iko Marekani. Inaanzia Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, na kuishia Washington. Ni njia mbili zilizounganika. Ya kwanza, Great Allegheny Passage, ina urefu wa kilomita 240 na imewekwa juu ya matuta ya reli za zamani zilizoachwa. Inaishia katika mji wa Cumberland, Maryland, na hapo inaanza ya pili, ambayo ni kijia cha kando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, kilomita 297 hadi mtaa wa Georgetown. Jumla ni kilomita 537, zaidi ya umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Magari hayaruhusiwi kupita humo.

Reli ndiyo siri ya njia hii. Treni ya mizigo haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo wahandisi walioijenga walichimba, wakajaza, wakatoboa mpaka mwinuko ukawa mdogo sana. Ukitoka Pittsburgh unapanda kwa takriban kilomita 200 kabla ya kufika kilele chenye mita 729 juu ya usawa wa bahari, na katika masafa hayo yote umeinuka kama mita 500 tu. Gawanya mwenyewe: ni mita moja ya kupanda kwa kila mita 400 za kwenda. (Watahiniwa wa Jiografia, kilele hicho ni mgawanyiko wa maji: mvua inayonyesha upande mmoja huishia Ghuba ya Mexico, ya upande wa pili huishia Bahari ya Atlantiki.) Baada ya kilele unapita handaki la Big Savage, lenye urefu wa kilomita moja hivi, ambalo hufungwa majira ya baridi. Kisha unateremka kilomita 38 hadi Cumberland, ambako kazi kubwa ni kuangalia breki zisipate moto.

Kijia cha mfereji kina tabia tofauti. Ujenzi wa mfereji ulianza mwaka 1828 na kufika Cumberland mwaka 1850. Nyumbu walitembea kandokando ya maji wakivuta mashua za makaa ya mawe. Nyumbu wa punda na farasi, si wale wa Maasai Mara. Mashua zilishushwa hatua kwa hatua kupitia malango 74 ya maji. Kazi hiyo ilikoma mwaka 1924 baada ya mafuriko. Miaka thelathini baadaye palikuwa na mpango wa kuweka barabara ya magari juu ya mfereji, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 55, aliwaandikia wahariri akiwaalika watembee naye kijia chote kabla ya kuamua. Walikwenda. Wengi waliishia njiani kwa malengelenge ya miguu, lakini gazeti lilibadili msimamo wake, na mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa. Nakupa mfano huu kwa makusudi, mtahiniwa, kwa kuwa ndiyo hoja bora ya maoni ninayoijua: mtu hakumtukana mpinzani wake, alimwalika akaone.

Tuseme sasa kuna familia ya watu watano inayotaka kuipita njia hiyo. Nimeibuni ili tujadili, ingawa ukitazama mtaani kwenu utaiona. Baba ana nguvu na anapenda mashindano. Mama hajapanda baiskeli tangu shule ya msingi. Nyanya ana miaka 68 na magoti yanayolalamika. Mvulana wa miaka 15 anataka kuwa mbele ya kila mtu. Dada yake wa miaka 10 ana mtindio wa ubongo: anatembea kwa kuyumba na hawezi kuisawazisha baiskeli ya kawaida hata mita kumi.

Kwa baiskeli za kawaida, familia hii haina safari. Ina safari ya baba na mvulana, na picha za kuwatumia waliobaki. Kwa magurudumu matatu mambo hubadilika. Binti hufungiwa mkanda wa kushikilia kisigino kwenye pedali, maana hatari moja ya chombo hiki ni mguu kuteleza na kuburutwa chini ya fremu kikiwa kinakwenda. Akichoka, zipo baiskeli zinazoweza kuunganishwa: kampuni ya Hase ya Ujerumani hutengeneza aina ambayo gurudumu la mbele la baiskeli ya nyuma hutolewa, ikafungwa kwenye ya mbele, zikaenda kama behewa na kichwa cha treni, na wote wawili wakipiga pedali. Nyanya hana haja ya kuinua mguu juu ya fremu. Huketi, kisha hunyoosha miguu. Kuinuka kutoka kwenye kiti cha chini namna hiyo ni kazi, nisikufiche, na huenda mjukuu akahitajika kumpa mkono.

Wakienda kilomita 50 kwa siku, watamaliza kwa siku 11. Kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa, hiyo ni chini ya saa nne za kupiga pedali kila siku. Zinazobaki ni za kula, kuziba pancha, kuogelea, kugombana na kupatana. Najua hapa kalamu yako inawashwa kuandika ile methali ya haraka haraka. Iache, msahihishaji amekwisha kuisoma mara mia asubuhi hiyo.

Jambo ninalolipenda zaidi ni hili. Mtu anayekutana nao kwenye kijia huona vyombo vitano vya aina moja, vyenye bendera tano ndogo juu ya fimbo, na watu watano walioegama. Hawezi kujua mara moja nani ana ulemavu, nani ni mzee, nani hajui baiskeli. Kwetu mambo ni kinyume. Sisi tumeamua kwamba magurudumu matatu ni ya mtoto mdogo au ya mlemavu, na uamuzi huo umekaa vichwani mwetu kiasi kwamba mtu mzima anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono akipita mjini, watu hutafuta sarafu mifukoni kabla ya kutazama anauza nini. Kule mpakani baina ya Goma na Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuvusha shehena nzito juu ya baiskeli kama hizo, mizigo ambayo wewe na mimi tungeikimbia. Hao si watu wa kuonewa huruma. Ni wasafirishaji.

Nilipowapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne mada hii wajadiliane, upande wa upinzani ulikuwa na makali. Kijana mmoja alisema hiyo ni safari ya matajiri. Hoja yake ina uzito. Baiskeli moja mpya ya aina hii hugharimu dola elfu kadhaa. Tano ni bei ya gari. Wapo wanaonunua zilizotumika, na katika miji iliyo kando ya njia hiyo kuna maduka ya kukodisha baiskeli, ambako mtu huuliza mapema kama wana za magurudumu matatu. Hata hivyo siwezi kudai kwamba ni safari ya kila familia. Ninachokataa ni hatua ya pili ya hoja yake, kwamba kitu kikiwa ghali basi hakina maana. Kiti cha magurudumu nacho ni ghali. Tunapaswa kuuliza kwa nini chombo kinachomwezesha mtoto wa miaka 10 kusafiri na nduguye kina bei hiyo, badala ya kumcheka anayekitaka.

Msichana mmoja aliuliza kuhusu usalama: mtu aliyeketi chini hivyo ataonwaje na dereva? Hapo nilimpa alama zote. Bendera husaidia, taa husaidia, lakini simshauri mzazi yeyote kuwapeleka watoto wake kwa chombo hiki kwenye barabara kuu yenye malori na matatu. Utetezi wangu unahusu njia isiyo na magari, na pasipo njia hiyo naunyamazisha. Hata kijia cha mfereji kina mahali pake pa hadhari. Handaki la Paw Paw lina giza, kijia ndani yake ni chembamba, na watu hushuka na kutembea wakiwa na tochi. Kwa binti yetu hizo ni mita 950 za kutembea akishika ukingo. Mvua ikinyesha, kijia hugeuka matope, na magurudumu matatu huchonga mifuo mitatu mahali ambapo mawili yangechonga mmoja. Nguvu inayohitajika huongezeka, na anayeketi chini hurushiwa matope mengi zaidi.

Kuna pingamizi ambalo hakuna mwanafunzi aliyelitaja, nalo ndilo linalonisumbua. Safari kama hii inaweza kuwa ya mzazi huku watoto wakiwa mizigo yake. Baba yetu mwenye kupenda mashindano anaweza kuhesabu kilomita kila jioni na kumnunia aliyemchelewesha. Anaweza pia kufanya jambo baya zaidi: kumpiga picha bintiye kila akipanda kilima, apate sifa za wageni kwa ujasiri wa mtoto ambaye hakuulizwa. Hapo magurudumu hayasaidii kitu. Mtoto amerudishwa kuwa wa kuonewa huruma, mara hii na familia yake mwenyewe. Ndiyo sababu nasema familia ikae chini kabla ya kununua hata mkanda mmoja, na kila mtu, pamoja na yule wa miaka 10, awe na uwezo wa kusema hapana. Nyanya akisema hapana, isigeuzwe ndiyo kwa kubembelezwa.

Na njiani kuna kanuni moja ambayo ningeiandika kwenye kila bendera: aliye mwepesi wa kuchoka hutangulia mbele, wengine humfuata. Waendesha baiskeli wengi hufanya kinyume. Wenye nguvu hutangulia, husimama kupumzika, na dhaifu akiwafikia tu wanaondoka, kwa hivyo anayehitaji mapumziko zaidi ndiye asiyepumzika kamwe. Akiwa mbele, yeye ndiye saa ya safari. Mvulana wa miaka 15 ataumia roho siku mbili za kwanza. Siku ya tatu ataanza kuona korongo na kasa wa kwenye mfereji, maana kwa mwendo huo hana la kufanya ila kutazama.

Yule kijana wa upinzani hakuridhika. Aliinua mkono kengele ikilia. “Mwalimu, na huyo dada akichoka kabisa siku moja, wakiwa katikati ya msitu?” Nilimwambia kwamba kando ya mfereji kuna vituo vya kupigia kambi kila baada ya kilomita 8 hadi 16, vingi vikiwa na pampu ya maji ya mkono. Watasimama kwenye kinachofuata na kufunga mahema, na siku hiyo itakuwa ya kilomita 20.